Ukurasa wa Nyumbani: Umeme wa Jua Huanzia Daftarini

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Huenda neno hilo waliwakusudia wachuuzi na wenye maduka, lakini siku hizi lamhusu pia kila mwenye nyumba anayetaka kuweka umeme wa jua juu ya bati lake. Wengi huanzia dukani. Huuliza bei, hulipa, hupakia vyombo juu ya pikipiki na kurudi navyo nyumbani kwa furaha. Miezi michache baadaye taa huzimika, betri hufa, na lawama huanza kutafuta mtu wa kumwangukia.

Na uchukuliwe mfano wa koplo mmoja mwenye boma lake kijijini, si mbali na mji wa Soroti. Akiwa kazini mbali na nyumbani, koplo huyo alimpelekea mkewe akiba ya miezi mingi ili nyumba ipate mwanga. Mama alinunua paneli ya wati 100, betri ya lori ya volti 12 na ampea-saa 70, pamoja na inveta ya wati 1000, kwa kuwa mwuzaji alimhakikishia kwamba inveta kubwa huendesha kila kitu. Miezi miwili ya kwanza nyumba ilikuwa kama ya arusi. Taa tano ziliwaka ndani na moja nje, runinga iliwakusanya majirani, na binti wa sekondari alidurusu hadi usiku. Mama akaanza pia kuchaji simu za wanakijiji kwa malipo. Katika mwezi wa tatu taa zilianza kuzimika saa 4 usiku, kisha saa 3, kisha saa 2. Ulipofika mwezi wa tano betri haikuhifadhi kitu tena, na binti akarudia kibatari.

Koplo aliporudi kwa likizo hakuficha hasira yake.

“Mama watoto, fedha zile nilijinyima ili nizilete. Betri umeimaliza kwa simu za watu!”

Mkewe alijibu kwa upole, lakini bila kutetereka: “Baba watoto, malipo ya kila simu nimeyaandika, na ada ya shule ya muhula huu imetoka humo. Kama simu ndizo zilizoua betri, basi na tuonyeshwe kwa hesabu.”

Aliyeonyesha alikuwa binti yao. Alichukua daftari lake la shule, akafungua ukurasa mtupu na kuanza kuuliza maswali ambayo yangepaswa kuulizwa kabla ya kwenda dukani.

MANENO MANNE YA KUFAHAMIKA

Hesabu ya umeme si ngumu kwa mtu anayejua kuzidisha. Volti ni msukumo wa umeme, mfano wa kimo cha tangi la maji. Ampea ni wingi wa umeme unaopita katika waya. Volti zikizidishwa kwa ampea hupatikana wati, ambazo ni nguvu inayotumika kwa wakati ule. Wati zikizidishwa kwa saa za matumizi hupatikana wati-saa, ambazo ndizo kiasi kilichotumika chote.

Anayechanganya wati na wati-saa ni kama anayechanganya kasi ya maji yanayotoka bombani na maji yaliyokwisha jaa ndooni. Taa ya wati 6 ni bomba dogo, lakini ikiwaka saa 12 hujaza ndoo ya wati-saa 72. Pasi ya wati 1000 ni bomba kubwa, na kwa nusu saa tu huchota wati-saa 500.

Betri nayo ni pipa. Ile ya volti 12 na ampea-saa 70 ina ujazo wa wati-saa 840. Hata hivyo, si kila kilichomo ndani ya pipa ni halali ya kuchotwa, kama itakavyoelezwa mbele.

DAFTARI LA BINTI

Binti aliandika kila kifaa, wati zake na saa zake kwa siku moja:

Taa 5 za ndani, wati 6 kila moja, saa 4: wati-saa 120.
Taa 1 ya nje, wati 6, saa 12: wati-saa 72.
Redio, wati 5, saa 8: wati-saa 40.
Runinga, wati 40, saa 4: wati-saa 160.
Simu 3 za nyumbani, wati-saa 12 kila moja: wati-saa 36.
Simu 10 za majirani: wati-saa 120.

Jumla ikawa wati-saa 548. Kisha akauliza inveta huzimwa saa ngapi. Mama akajibu kwamba haizimwi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aizime. Binti akasoma karatasi iliyokuja na chombo hicho, akakuta kwamba inveta ile hula wati 10 kwa kuwashwa tu, hata kama hakuna kilichochomekwa. Akaandika mstari wa mwisho: inveta, wati 10, saa 24, wati-saa 240. Jumla ikapanda hadi 788.

Koplo aliisoma mistari miwili, ule wa simu za majirani na ule wa inveta, akairudia tena. Simu zilikuwa zimetumia 120 na kuleta fedha. Inveta ilikuwa imetumia 240 na haikuleta chochote. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza swichi ya inveta iko wapi.

JUA HULIPA KIASI GANI

Upande wa pili wa daftari ni wa mapato. Nchi ya Uganda imekatwa na mstari wa Ikweta, nalo jua lake ni la ukarimu. Hata hivyo, saa 12 za mchana si saa 12 za umeme. Asubuhi na jioni mwanga huja kwa mshazari, na mawingu huchukua sehemu yao. Kwa hesabu ya nyumbani, siku ya kawaida yafaa ihesabiwe kuwa na saa 5 za jua kamili. Katika masika ya Machi hadi Mei, na mvua za Septemba hadi Novemba, mwenye busara huhesabu saa 4 au pungufu.

Paneli ya wati 100 kwa saa 5 ingetoa wati-saa 500. Lakini joto, vumbi, waya na betri yenyewe hupunguza, kwa hiyo kinachofika matumizini ni kama asilimia 70, yaani wati-saa 350. Nyumba ya koplo ilikuwa ikitaka 788 na kupokea 350. Mshahara wa namna hiyo haungemfikisha mtu mwisho wa mwezi, nao umeme ni vivyo hivyo.

Mwezi wa Aprili 1954 una kumbukumbu mbili katika jambo hili. Tarehe 29 Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza alifungua bwawa la Owen Falls pale Jinja, ambalo leo laitwa Nalubaale. Siku nne kabla yake, tarehe 25, wataalamu wa maabara ya Bell nchini Marekani walionyesha hadharani chombo cha silikoni kilichogeuza mwanga wa jua kuwa umeme. Chombo hicho kiligeuza kama sehemu 6 tu katika 100 za mwanga uliokifikia. Paneli nzuri za leo hugeuza sehemu 20 na kidogo zaidi.

Tarakimu hiyo ni silaha ya mnunuzi. Jua kali la adhuhuri huleta kama wati 1000 katika kila mita moja ya mraba. Basi paneli yenye eneo la mita moja ya mraba hutoa wati 200 hivi, na ile ya nusu mita ya mraba haiwezi kuvuka wati 120, hata kama kibandiko cha nyuma kimeandikwa 250. Mnunuzi aendaye dukani na futi ya kupimia huzidisha urefu kwa upana, na mara moja hujua kama kibandiko kinasema kweli.

Paneli ikishanunuliwa, na iwekwe mahali pasipo kivuli. Kivuli cha tawi moja la mwembe juu ya pembe moja ya paneli huweza kupunguza umeme kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe, kwa sababu vipande vya ndani vimeunganishwa kwa mnyororo. Ilazwe kwa mteremko mdogo, kama digrii 10 hadi 15, ili mvua ioshe vumbi. Isigandamizwe juu ya bati, bali iachiwe nafasi ya hewa, maana paneli ikipata joto kali hupungukiwa na nguvu.

BETRI: PIPA LISILOKAUSHWA

Betri ya lori imeundwa kwa kazi ya sekunde chache. Hutoa nguvu nyingi kuamsha injini, kisha hujazwa tena papo hapo safarini. Kuitaka iwashe taa usiku kucha ni kumtaka mkimbiaji wa mita 100 abebe mzigo hadi Mbale. Akijaribu atafika mara chache, kisha ataanguka.

Betri za risasi na asidi zilizoundwa kwa ajili ya umeme wa jua huvumilia zaidi, lakini nazo zapasa kutumiwa nusu tu ya ujazo wake. Betri ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1200 katika kibandiko, lakini za matumizi ni 600. Anayeikausha kila usiku huiua mapema. Anayeiacha tupu kwa siku nyingi huiua upesi zaidi, na hilo ndilo lililoipata betri ya koplo.

Aina ya pili ni betri za lithiamu na chuma. Hizi huruhusu kuchotwa asilimia 80 na zaidi, na zile zilizotengenezwa vizuri huvumilia maelfu ya mizunguko ya kujaa na kupungua. Ile ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1280, na kwa asilimia 80 hupatikana 1024. Kasoro yake ni bei ya siku ya kwanza.

Kati ya paneli na betri lazima kiwepo kidhibiti chaji, ambacho mafundi hukiita kontrola. Kazi yake ni kuizuia betri isijazwe kupita kiasi wala kukaushwa. Chombo hicho na kirekebishwe kulingana na aina ya betri, maana chaji ya risasi si chaji ya lithiamu.

WAYA NA USALAMA

Wengi hubania waya, nako ni kupoteza. Katika volti 12, kifaa cha wati 120 huvuta ampea 10. Ampea hizo zikipita katika waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, kwa umbali wa mita 10, hupotea kama volti moja na nusu njiani, na taa hufifia. Waya wa milimita 10 za mraba hupunguza hasara hiyo hadi robo yake. Betri na iwe karibu na paneli, na waya uwe mnene na mfupi.

Fyuzi na iwekwe karibu na ncha ya chanya ya betri. Betri ya risasi inayoongezwa maji hutoa gesi ishikayo moto inapochajiwa, kwa hiyo isiwekwe chumba cha kulala wala karibu na jiko. Ikichakaa irudishwe kwa wanaozinunua. Kuipasua uani ili kuyeyusha risasi ni kuwapa watoto sumu inayodhuru ubongo.

BAJETI KAMILI

Kwa mashauri ya binti yao, koplo na mkewe walipanga upya. Taa, redio na simu zingeunganishwa moja kwa moja na volti 12, bila kupitia inveta. Inveta ndogo ingewashwa kwa ajili ya runinga tu, kwa saa 4, kisha izimwe. Hesabu mpya ikawa hivi: taa 192, redio 40, simu zote 156, runinga 160, inveta na upotevu wake 60. Jumla ni wati-saa 608. Hakuna kilichopunguzwa katika raha ya nyumba, lakini matumizi yalishuka kwa 180.

Kwa mahitaji hayo, paneli za jumla ya wati 250 hutoa 700 hata katika siku ya saa 4 za jua. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 hutosha kwa siku moja na nusu. Kwa betri za risasi zingehitajika mbili za ampea-saa 100.

Ipi ni rahisi? Bei hutofautiana kati ya duka na duka, hivyo tarakimu hizi na zichukuliwe kama somo la hesabu tu. Tuseme betri mbili za risasi ni shilingi 1,300,000 na hudumu miaka 3, na moja ya lithiamu ni shilingi 1,800,000 na hudumu miaka 9. Kwa miaka 9 betri za risasi zitanunuliwa mara tatu, jumla shilingi 3,900,000. Kwa mwezi, risasi hugharimu shilingi 36,000 na zaidi, lithiamu chini ya shilingi 17,000. Bei ya dukani ni swali la leo, na umri wa chombo ni swali la miaka ijayo. Bajeti njema hujibu yote mawili.

Tena bajeti yenye paneli na betri peke yake ni nusu bajeti. Na iandikwe pia kidhibiti chaji, fremu, waya, fyuzi, taa, fundi na usafiri, kisha ibakizwe walau sehemu moja ya kumi kwa yasiyotazamiwa. Anayenunua kwa malipo ya kidogo kidogo azidishe kila lipo kwa idadi ya malipo yote, aongeze kianzio, na alinganishe na bei ya fedha taslimu kabla ya kutia sahihi.

Fedha isipotosha yote, kuna utaratibu wa hatua. Paneli huweza kuongezwa baadaye, mradi volti zake zilingane na zile za kwanza. Betri haifai kuongezwa hivyo, maana betri nzee ikiunganishwa na mpya huivuta mpya kuelekea uzee wake. Kwa hiyo betri kamili kwanza, kidhibiti chaji chenye nafasi ya kesho, na runinga mwisho. Ama pasi ya umeme, hiyo isitiwe katika hesabu kabisa. Sare hunyooka vizuri kwa pasi ya makaa.

KWA MWENYE KUHAMISHWA

Askari na polisi wana jambo moja lisilowahusu raia wengi, nalo ni uhamisho. Leo yuko Gulu, mwakani yuko Mbarara. Katika nchi kama Marekani wako watu wanaosafiri na hata kuishi katika magari yenye vitanda na jiko, nao hutumia vyombo hivi hivi, paneli juu ya paa na betri chini ya kitanda. Kwao kila kilo ni mzigo. Wengi wao huchagua lithiamu kwa kuwa betri ya ampea-saa 100 ya aina hiyo ina uzito wa kilo 12 hivi, na ya risasi hukaribia 30. Familia ya askari yaweza kuiga jambo hilo. Paneli na ifungwe kwa skrubu, waya upitishwe juu ya ukuta bila kuzikwa, na kila ncha iwekwe alama. Siku ya kuhama, vyombo vishuke kwa bisibisi, si kwa nyundo.

Koplo alipomaliza likizo hakuwa ameweza kununua vyote. Waliuza inveta kubwa, wakatoa akiba iliyobaki, wakanunua betri na kidhibiti chaji. Paneli ilibaki ile ile ya wati 100. Kwa hiyo walijiwekea kipimo: taa 192, redio 40, simu za nyumbani 36, na simu 5 za majirani badala ya 10, wati-saa 60, nazo zichajiwe mchana. Jumla 328, ndani ya zile 350. Kwa mfano wa shilingi 500 kwa simu, ni shilingi 2,500 kwa siku, nazo zatunzwa kwa ajili ya paneli ya pili. Runinga imefunikwa kitambaa hadi siku hiyo.

Asubuhi ya kuondoka, koplo alimwomba mkewe radhi mbele ya watoto. Kisha akaomba daftari lile linakiliwe, apate nakala ya kuwaonyesha wenzake kikosini. Binti alikuwa amekwisha ifanya usiku ule, kwa mwanga wa taa iliyofika saa 5 bila kufifia.

Juma lijalo ukurasa huu utaeleza namna ya kuitunza betri wakati wa mvua, na dalili za kwanza za betri inayougua.